Hori Lililoshuka Desemba

Tangu nirudi mnaniuliza njiani, sokoni na hata mlangoni mwa kanisa: ilikuwaje mtu mzima akashuka Dar es Salaam na chombo cha kulishia ng'ombe? Nimewajibu vipande vipande, na naona kila kipande kimeota mkia. Juzi nimesikia kwamba hori nilimuuzia tajiri mmoja wa Kariakoo akaliweka sebuleni. Basi nimekaa nikaandika yote, mwenye macho amsomee mwenzake.

Machame hadi stesheni ya Moshi

Desturi yetu mnaijua. Ikifika Desemba, Mchaga popote alipo hupanda kwenda nyumbani. Asiyepanda ama ni mgonjwa, ama yuko kifungoni, ama amekorofishana na nyumba yake. Dada yangu Aika hakuwa mgonjwa wala mfungwa. Aliolewa na Damiani, kijana wa Masasi, fundi wa karakana ya reli kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Baba alipoletewa habari hiyo alisema neno moja tu: "Mtu asiyefuga hata ng'ombe mmoja atamlisha nini mtoto wangu?"

Neno likasafiri, likamfikia Aika jinsi lilivyo. Hakupanda tena. Mtoto wake wa kwanza wa kiume akapewa jina la babu yake wa Masasi, kama inavyotakiwa. Kisha akazaliwa wa pili, wa kiume naye, na jina la huyo kwetu ni la babu mzaa mama. Hapo mambo yakakwama. Aika hakutaka kumwita mtoto kwa jina la mtu asiyesema naye, wala hakutaka kumpa jina jingine. Mtoto akakaa hana jina, na ubatizo ukangoja.

Mimi mnanifahamu. Katika miaka yangu arobaini na ushee nimekata mkonge Tanga, nimepakia pamba Mwanza, nimepika kwenye meli ya ziwani, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilikotoka. Mwaka ule ndiyo kwanza nilikuwa nimepanda nyumbani, hata sanduku sijafungua, Baba akaniburuzia mzigo uliofungwa magunia.

"Mpelekee Aika. Mwambie ni lake."

Nikafunua pembe ya gunia. Lilikuwa hori letu, lile la mti wa mringaringa nililolijua tangu utoto. Ukingo wake umelambwa na ndimi za ng'ombe hadi unang'aa kama uliopakwa mafuta, na pale ng'ombe wetu mwekundu alipokuwa akiguguna pana pengo kama mwezi mchanga. Ncha moja ilikuwa imezibwa kwa ubao mweupe wa juzijuzi, na misumari imeingia upande upande. Baba alikuwa fundi wa kusifiwa. Nikajua macho yanamwacha. Nikadhani pia kwamba ng'ombe amechongewa hori jingine.

"Hakuna neno la kumwambia?" nikauliza.

"Ukibeba hilo, maneno utayabeba kwa mkono gani?"

Asubuhi ya kuondoka nilimtupia ng'ombe majani mle ndani, kwenye kiza cha banda, na mengi yakamwagika miguuni mwangu. Nikamlaumu ng'ombe. Kisha nikalifunga hori juu ya gari la ndizi na kuteremka nalo Moshi.

Moshi hadi Korogwe

Treni iliyopanda ilikuwa imejaa watu hadi milangoni: redio, mabati, mafungu ya kanga, watoto waliopitishwa madirishani. Treni ya kushuka ilikuwa tupu kama shule wakati wa likizo. Mkagua tiketi, Mnyamwezi mmoja mrefu mwenye sauti ya kengele, akasimama mbele yangu akanitazama kuanzia viatuni.

"Wewe Mchaga?"

"Ndiyo, ndugu."

"Unashuka Desemba?"

"Ndiyo."

"Wamekufukuza?" Akageukia abiria wachache waliokuwamo. "Jamani, njooni mwone. Nimefanya kazi reli hii mpaka mvi zimeota, hiki sijapata kukiona."

Hori lilikuwa kwenye behewa la mizigo, lakini pale Same walilishusha kwa muda ili wapange magunia ya vitunguu. Mama wa Kipare aliyekuwa akiuza makande akaliona limelala jukwaani ndani ya magunia yake, refu kidogo na jembamba. Akaniangalia usoni. Akatua sufuria.

"Pole sana, baba. Ni mtoto?"

"Hapana mama, siyo hivyo..."

"Usiseme. Kusema kunachosha." Akanijazia makande kwenye jani la mgomba, akaongeza, akaongeza tena. Nilipotaka kueleza filimbi ikalia, treni ikaondoka, naye akabaki akinipungia mkono wa pole. Nilikula makande yale ya msiba hadi Mombo. Yalikuwa matamu, na nilimwombea mama yule kila nilipomeza.

Korogwe hadi Dar es Salaam

Baada ya Korogwe tuliambiwa behewa la treni nyingine limeacha reli mbele yetu. Tukasimama kwenye kituo kidogo ambacho hata paa lilikuwa la mtu mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi tope tupu. Tulingoja hadi jua likatuhama upande. Watu wakaanza kutoa walichonacho: huyu machungwa, yule muhogo wa kuchemsha, mwingine samaki mkavu. Tatizo likawa pa kuviweka.

"Wewe wa jeneza," mkagua tiketi akaniita, maana habari ya Same ilikuwa imeshaenea, "ule mzigo wako ni safi?"

"Ni hori la ng'ombe."

"Nimekuuliza kama ni safi, sijakuuliza kabila lake."

Tukalishusha, tukalisuuza kwa maji ya mvua, tukatandika majani. Vyakula vyote vikaingia humo, na watu wasiojuana wakazunguka pande zote mbili wakila. Mzee mmoja wa Kisambaa akatikisa kichwa akasema, "Leo sisi ndio ng'ombe," na hakuna aliyekasirika. Wakati ule nilicheka tu. Sikuona kingine.

Gerezani hadi Msimbazi

Tulifika Dar tumechelewa mno, joto limekaa juu ya reli kama blanketi lenye maji. Nikapata mchukuzi mwenye mkokoteni, Mzaramo mwembamba anayesema bila kupumua. Tukapita Gerezani, nyundo zinalia kwenye karakana, harufu ya oili na mihogo ya kukaanga, kisha tukaingia Kariakoo. Soko jipya lilikuwa bado linanukia saruji, paa lake la miavuli ya zege limesimama juu ya vichwa vya watu. Kila hatua mtu alimuuliza mchukuzi amebeba nini, naye kila mmoja alimpa jibu tofauti. Kwa wa kwanza lilikuwa beseni la kuogea tembo. Kwa wa pili kiatu cha jitu la Kilimanjaro. Hatukufika hata Msimbazi, watoto wakawa wanatufuata kuliona jitu lenyewe.

Aika na Damiani walikuwa wamepanga chumba katika nyumba ya vyumba sita ya Bi Mwanahawa, mama wa Kilwa aliyejenga nyumba ile kwa kuuza maandazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Na hicho nacho ni mgeni, au ni mzigo?"

Aika akatoka na mtoto mgongoni, unga wa mahindi ya njano mikononi. Alinikumbatia hadi nikajaa unga. Alicheka, akalia, akacheka tena. Kisha nikafungua magunia, nikamwambia: "Baba amesema ni lako."

Kicheko kikakatika.

Uani kwa Bi Mwanahawa

"Kaka," aliniambia kwa Kichaga, "kwetu hori hutolewa nje ya nyumba lini?"

Jibu nilikuwa nalo. Hori hutolewa nje ng'ombe akifa na ikiwa hatarajiwi mwingine.

"Basi. Ameniambia nimekwisha. Hata pa kulia nyumbani kwake sina, amenitoa nje pamoja na hori lake." Akaingia chumbani.

Damiani alirudi kutoka kazini, akalizunguka hori mara mbili. "Shemeji, karibu sana. Sisi Masasi tuna mbung'o, ng'ombe tunawaona kwenye picha. Sasa hili nilipokeaje? Nishukuru, au niombe radhi?"

"Sijui, shemeji."

"Basi tule kwanza." Tukala ugali wa njano kwa dagaa, na hori likabaki uani, kuku wa Bi Mwanahawa amelala ndani yake.

Kesho yake balozi wa nyumba kumi akaja. Mgeni ni lazima aandikishwe kwake, hilo lilikwisha upesi. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye hori.

"Chombo hiki cha kazi gani, ndugu?"

"Cha kulishia ng'ombe."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Hayupo."

"Kwa hiyo mmeleta sahani, mlaji mmemwacha." Akakuna kidevu. "Mchaga. Chombo cha mti. Ng'ombe hakuna. Ndugu, mimi si mtoto. Hapa mnataka kupika pombe."

Bi Mwanahawa akainuka kwenye kigoda chake taratibu. "Mimi nimekwenda Maka nikarudi, halafu uani kwangu papikwe gongo? Hebu iname unuse, balozi. Pua si unayo?"

Balozi akainama akanusa. Alichokutana nacho kikampigisha chafya hadi kofia ikadondoka ndani ya hori, na kuku akatoka mbio akipiga kelele. Nyumba nzima vyumba sita vikacheka, na nikasikia chumbani Aika naye anacheka, ingawa alijizuia.

"Haya," balozi akasema akijifuta, "ni ng'ombe. Nimeridhika."

Habari hiyo ndiyo iliyomleta Mwinjilisti Nahumu, mtu wa Newala, aliyetunza kanisa dogo la mtaani alikosali Aika. Alipoliona hori alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Miaka yote nimehubiri habari za hori," akasema, "leo ndiyo kwanza naliona." Akapitisha kidole kwenye ukingo. "Huu ulaini ni wa nini? Randa?"

"Ni ndimi, Mwinjilisti. Ng'ombe hulamba hadi chembe ya mwisho."

Aliomba kuliazima kwa Krismasi. Aika akajibu kutoka mlangoni: "Lichukueni. Mkimaliza, lipasueni kuni."

Kanisani

Sasa niwaeleze jinsi wenzetu walivyokuwa wakifanya, maana sikuamini hadi nilipoona kwa macho. Wengi wa waumini walitoka Kusini, kusikofugwa ng'ombe. Walisoma kwamba mtoto alilazwa katika hori, wakawaza: mtoto hulazwa wapi? Wakaenda Gerezani wakachongesha kitanda kizuri cha mtoto, chenye magurudumu manne, godoro, shuka nyeupe na neti ya mbu. Hilo ndilo lilikuwa hori lao kila mwaka.

"Neti ya nini?" niliuliza.

Mama Fausta, mkuu wa akina mama, akanishangaa. "Mbu wa Msimbazi wanajua huyu ni nani?"

Alipoona nilicholeta akarudi nyuma. "Mwinjilisti, hapana. Mtoto Yesu alale kwenye mate ya ng'ombe?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Sisi tulikuwa tunasoma bila kuona."

"Angalau tuliwekee shuka."

"Tukiweka shuka linakuwa kitanda tena." Mwinjilisti akachuchumaa kando ya hori. "Unajua, mimi kila mwaka nilikuwa nasema: tazameni, hakuwa hata na kitanda. Nikaishia hapo, kwenye umaskini. Lakini hiki si kitanda kibovu, Mama Fausta. Hiki ni chombo cha chakula. Anayeingia bandani na njaa, hapa ndipo anapotazama kwanza. Mariamu angeweza kumlaza kwenye majani chini. Akamweka mahali pa chakula."

Mama Fausta akasema, "Basi lisikae tupu." Ni maneno yale yale aliyokuwa akisema marehemu mama yangu kila jioni: hori tupu ni aibu ya nyumba. Nikawasimulia habari za kule kituoni njiani, jinsi tulivyolizunguka wasiojuana. Wakaamua siku ya Krismasi kila mtu alete chakula kidogo, na atakayepungukiwa achukue bila kuulizwa. Mwaka ule unga ulikuwa wa foleni, mchele wa kubahatisha. Waliopungukiwa hawakuwa wachache.

Likabaki suala la mtoto wa kulazwa humo. Mdogo kuliko wote katika waumini alikuwa mtoto wa Aika. Aika alikataa. Damiani hakubishana, alimwambia tu, "Mama nanihii, ni wimbo mmoja." Alimwita hivyo, Mama nanihii, kwa huyu mdogo, kwa kuwa jina lake halikuwapo, na nadhani hilo lilimchoma kuliko ombi lenyewe.

"Nitamlaza mwenyewe," Aika akasema. "Na nitalikagua kwanza. Sitaki achomwe na kibanzi."

Basi asubuhi ya Krismasi, watu bado wanaingia, Aika alipiga magoti mbele ya hori. Tangu siku niliyofika hakuwa amelisogelea. Akapitisha kiganja ndani, polepole, kama mwanamke anayepembua mchele. Akafika kwenye lile pengo la ng'ombe mwekundu. Akatabasamu kidogo bila kutaka. Kisha mkono ukasogea mbele, ukagonga ubao mweupe, ukasimama. Ukarudi kwenye pengo. Ukaenda tena kwenye ubao.

"Kaka."

"Naam."

"Hili pengo lilikuwa katikati."

Nikainama. Ni kweli. Tulipokuwa wadogo ng'ombe wawili walikula hapo, mmoja kila upande wa pengo lile. Sasa pengo lilikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye ubao.

"Amelikata," Aika akasema. "Ng'ombe wa nyumbani anakula wapi?"

Ndipo nikayakumbuka majani yaliyomwagika miguuni mwangu. Sikuwa nimetupa vibaya. Hori lilikuwa fupi.

"Anakula kwenye nusu iliyobaki," nikamwambia.

Aika akakaa chini, pale pale kwenye sakafu, na gauni lake la Krismasi. Watu wakatupisha. "Baba aliuliza Damiani atanilisha nini," alisema taratibu, kwa Kiswahili sasa, ili mumewe asikie. "Sasa amejijibu mwenyewe. Hakunitolea hori nje. Amenigawia." Akaugusa msumari uliopinda. "Na hii kazi mbaya? Baba hapigi msumari hivi."

"Macho, Aika. Alipiga kwa kupapasa."

"Yameharibika sana?"

"Alinitambua kwa sauti."

Alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza humo juu ya majani makavu bila shuka, naye mtoto akashika ukingo ule laini kama anayejua ni wake. Wimbo ukaanza. Baada ya ibada watu walipita na vyakula: nazi, muhogo, korosho za Kusini, kibaba cha mchele kilichofungwa kwenye leso. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama nje mlangoni na ushungi wake. Akamtuma Damiani aingize kifurushi.

"Ni tende," alisema. "Kwetu sisi Bi Mariamu alijifungua chini ya mtende, Mungu akamlisha tende. Habari za ng'ombe ni zenu. Lakini naona kote alipojifungua palikuwa na chakula."

Stesheni, siku ya kuondoka

Tuliondoka baada ya mwaka mpya, Damiani alipopata ruhusa kazini. Hori tuliliacha. Aika alimkabidhi Mwinjilisti, akamwambia kuni asipasue. Mama Fausta alikuwa ameshalipatia kazi: lilikaa karibu na mlango wa kanisa, na mtu akipita alitia au alitoa. Kile kitanda chenye magurudumu walimpa Aika kwa ajili ya mtoto, pamoja na neti.

Jukwaani treni iliyoshuka ilikuwa imetapika Wachaga wote wa Dar, na ndizi zao na nyama zao za kukausha. Treni yetu ya kupanda ilikuwa tupu. Nilitazama nyuma, upande wa Gerezani, nikiwa nimeanza kupakumbuka kabla sijapaacha, kama kawaida yangu. Lakini safari hii nilijua sishuki tena. Kule juu kulikuwa na mzee asiyeona vizuri na ng'ombe anayekula kwenye nusu hori, na mtu wa kumkatia majani hakuwapo.

Mkagua tiketi akaingia. Akaniona, akashika kichwa.

"Wewe tena! Wenzako wakipanda unashuka, wakishuka unapanda. Leo umebeba nini? Sema mapema, usije ukapewa pole tena."

Nikamwonyesha dada yangu na mumewe, mtoto mkubwa dirishani, na yule mdogo aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu katikati ya njia.

"Huyu naye ana tiketi?" akauliza, akiinama juu ya neti. "Anaitwa nani bwana huyu anayesafiri kitandani?"

Damiani alinitazama. Mimi nikamtazama Aika. Aliinua neti, akamfuta mtoto jasho la shingoni.

"Anaitwa Elisaria," akasema. "Jina la babu yake. Anakwenda kumwonyesha uso."

Mkagua tiketi akasimama wima, akampigia mtoto saluti, kisha akatoka mlangoni kupuliza filimbi.